Sigara na mbegu za kiume: je, ndiyo chanzo cha majibu yangu hafifu?

Safari Ndefu aliuliza:

Habari zenu wadau. Naomba mnivumilie kwa maelezo marefu, kwani jambo hili nimelibeba peke yangu kwa wiki tatu na nimeshindwa kumweleza mtu yeyote ana kwa ana.

Nina umri wa miaka 34, na kwa muda wa miezi 16 sasa mimi na mke wangu tumekuwa tukitafuta mtoto bila mafanikio. Yeye ameshafanyiwa vipimo karibu vyote, vya homoni, vya kizazi na hata vya mirija, na kila mara ameambiwa kwamba hana tatizo. Mimi nilikuwa naahirisha zamu yangu kwa visingizio ambavyo wanaume wengi humu mnavijua. Wiki tatu zilizopita visingizio viliniishia, nikapima. Karatasi niliyopewa inasomeka hivi: ujazo wa shahawa ni mililita 2.1, mbegu ni milioni 11 katika kila mililita, zinazosonga mbele ni asilimia 24, na zenye umbo la kawaida ni asilimia 3. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, kuna neno moja tu: "Arudie."

Navuta sigara tangu nikiwa na miaka 19, na kwa sasa ni kati ya 15 na 20 kwa siku. Daktari aliniuliza kuhusu sigara kabla ya swali jingine lolote, akaandika jibu langu, akasema "hiyo uiache", kisha akaendelea na mengine bila kunifafanulia. Ninachoshindwa kuelewa ni kwamba baba yangu mdogo amevuta maisha yake yote na ana watoto tisa. Basi naomba kueleweshwa na wanaojua: je, ni kweli sigara inaweza kushusha mbegu kiasi hiki, au inasingiziwa tu kwa kuwa ni kitu rahisi kukilaumu? Nikiacha leo, nitegemee mabadiliko baada ya muda gani? Nikipunguza hadi tano kwa siku, haitoshi? Na hizi dawa za kuongeza mbegu zinazotangazwa kila mahali, zina maana yoyote?

Mtu wa Hadubini alijibu:

Ndugu Safari Ndefu, pole kwa mzigo huo. Mimi nafanya kazi ya maabara, na kupima shahawa ni sehemu ya kazi yangu ya kila siku. Mambo ya tiba nitawaachia madaktari.

Kabla ya sigara, tuisome kwanza karatasi yako. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kupima shahawa, toleo la sita lililotoka mwaka 2021, unataja mipaka ya chini kuwa mililita 1.4 za ujazo, mbegu milioni 16 kwa mililita, jumla ya mbegu milioni 39 kwa mmwago mmoja, asilimia 30 zinazosonga mbele na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Ujazo wako hauna neno. Hata hivyo, ukizidisha milioni 11 kwa mililita 2.1 unapata takribani milioni 23, na hiyo jumla ndiyo inayonishughulisha zaidi kuliko asilimia 3 ya umbo, ambayo huwatia watu hofu kubwa bila sababu ya kutosha. Fahamu pia mipaka hiyo ilikopatikana: walipimwa wanaume ambao wenzi wao walishika mimba ndani ya miezi 12, wakapangwa kutoka wa chini hadi wa juu, na mstari ukachorwa pale ambapo asilimia 5 tu kati yao wanabaki chini yake. Kwa hiyo chini ya mstari wapo walioitwa baba, na juu ya mstari wapo wanaohangaika hadi leo. Karatasi yako inasema kwamba njia yako ni ngumu zaidi. Haisemi kwamba wewe ni mgumba.

Neno "Arudie" lichukulie kwa uzito. Idadi ya mbegu za mtu yule yule hupanda na kushuka sana kutoka kipimo hadi kipimo, na mtu aliyekaa siku moja tu bila kumwaga, au aliyechelewesha chombo njiani, atapata majibu yasiyo yake.

Sasa tuje kwenye sigara. Nikiweka tone la shahawa chini ya hadubini naona mbegu zinazokata njia kuelekea mbele, naona nyingine zinazochezesha mkia na kuzunguka pale pale, na naona zilizotulia kabisa. Kwa upande wa umbo nahesabu mbegu 200, moja baada ya nyingine: kichwa, shingo, mkia. Nikiri jambo moja: kwa macho siwezi kukuambia kwamba hii ni ya mvutaji na hii si ya mvutaji. Hakuna alama hiyo. Tofauti hujitokeza pale tu watu wengi wanapowekwa pamoja na kulinganishwa, na hilo limefanyika. Mwaka 2016 jarida la European Urology lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti 20 zenye wanaume 5,865, na wavutaji walionekana kuwa na mbegu chache zaidi na zenye mwendo dhaifu zaidi. Pengo lilikuwa kubwa zaidi kwa wanaovuta sigara nyingi, na vilevile kwa wanaume waliokuwa tayari na tatizo la uzazi. Hilo la pili ulishike, maana nitalirudia.

Kuhusu njia inayopitiwa na madhara hayo, moshi wa sigara una kemikali zaidi ya 7,000, na haziishii kwenye mapafu. Huingia kwenye damu, na baadhi yake hufika hadi kwenye shahawa zenyewe: kotinini, ambayo ni masalia ya nikotini baada ya kusagwa mwilini, hupatikana humo, na hata metali kama kadimiamu na risasi. Mbegu ya kiume ni chembe iliyonyimwa ulinzi. Ili iwe nyepesi kwa safari imepoteza karibu ute wote ambao chembe nyingine huutumia kuhifadhi vimeng'enya vya kujikinga, na utando wake umejaa aina ya mafuta yanayoharibiwa upesi na oksijeni kali inayozidi mwilini mwa mvutaji. Utando ukiharibika, mwendo hupungua. Madhara yakifika ndani ya kichwa, uzi wa vinasaba hukatika vipande, na mbegu iliyokamilika haina uwezo wa kujishona. Uharibifu huo wa vinasaba hauonekani kwenye kipimo cha kawaida kama chako. Una kipimo chake cha pekee, ambacho kwa kawaida huombwa pale ambapo mimba zimekuwa zikiharibika au matibabu yameshindwa bila sababu kujulikana.

Mbishi Halali alijibu:

Nimesoma, na sipingi hesabu za maabara. Lakini hapa watu wanavuka mipaka. Kila mwanaume akipata tatizo la uzazi, sigara. Akikosa nguvu za kiume, sigara. Homoni zikishuka, sigara. Mimi mwenyewe navuta, nilipima testosteroni mwaka jana na ilikuwa juu kuliko ya rafiki yangu asiyevuta. Baba mdogo wa mleta mada ana watoto tisa. Kama sigara ingekuwa inaua mbegu, dunia hii ingekuwa tupu tangu enzi za babu zetu, ambao walivuta kuliko sisi.

Mtu wa Hadubini alijibu:

Ndugu Mbishi Halali, kuhusu testosteroni uko sahihi zaidi kuliko unavyodhani. Tafiti nyingi hazioni upungufu wa homoni hiyo kwa wavutaji, na baadhi huikuta ikiwa juu kidogo. Lakini homoni hiyo ikiwa juu haimaanishi kwamba mbegu ni nzima, kwa kuwa madhara niliyoyaeleza hutokea kwenye mbegu zenyewe. Suala la nguvu za kiume lina mlango wake: kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu kutanuka, na sigara huharibu ngozi laini ya ndani ya mishipa hiyo kama inavyofanya kwenye moyo. Mtu anaweza kuwa hodari kitandani huku mbegu zake ni chache, na mwingine akawa kinyume chake.

Sasa tumjadili baba mdogo, kwa heshima zote. Sigara haifungi mlango wa uzazi, inapunguza. Mwanaume aliyejaliwa mbegu milioni 90 kwa mililita, sigara ikimpunguzia robo, amebakiwa na akiba ambayo hataiona pengo lake hadi anaingia kaburini. Aliyeanza na milioni 17, akipunguziwa robo hiyo hiyo, ameshuka chini ya mstari. Wote wawili wametozwa sawa, ila mmoja alikuwa tajiri. (Robo nimeitaja kwa mfano tu, mtu asije akaibeba kama kipimo.) Ndiyo sababu nilikwambia ulishike lile la wanaume wenye tatizo tayari: hao ndio wasio na akiba ya kupoteza. Pia mimba ni ya watu wawili. Mke mwenye uwezo mkubwa wa kushika mimba huficha udhaifu wa mume kwa miaka, na hatuna karatasi ya vipimo vya baba mdogo, tuna idadi ya watoto tu.

Mama Subira alijibu:

Kaka Safari Ndefu, nakupa pole, na nampa pole zaidi wifi yangu huko nyumbani, kwa sababu ninayajua aliyoyapitia.

Nilipimwa kwa karibu miaka miwili kabla ya mume wangu kupimwa hata mara moja. Kile kipimo cha mirija ambacho umekitaja kwa neno moja tu, naomba nikueleze kilivyo. Unalazwa chali chini ya mashine ya eksirei, wanapitisha mrija mwembamba kwenye mlango wa kizazi, kisha wanasukuma dawa ya rangi taratibu huku wakitazama kwenye skrini kama itapita. Dawa inapoingia, tumbo la chini linabana kama uchungu wa hedhi ulioongezwa mara tatu, na unaambiwa usijisogeze. Nilitoka pale nikiwa nimeshika ukuta. Mume wangu, ilipofika zamu yake, alipewa kikopo na chumba chenye ufunguo, na alirudi akilalamika kwamba kiti hakikuwa kizuri. Siandiki haya kukuaibisha, nayaandika kwa wanaume wengine watakaosoma: kwa ndoa zilizokosa mtoto, upande wa mume una mchango katika karibu nusu ya visa, peke yake au pamoja na upande wa mke, na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote. Kilipaswa kuwa cha kwanza.

Jambo la pili ni moshi wenyewe. Je, unavutia wapi? Uvutaji wa mwanamke huchelewesha mimba, na wanawake wanaovuta hufikia ukomo wa hedhi mapema kuliko wasiovuta. Wanaoishi ndani ya moshi wa wengine nao hawasalimiki. Usiihesabu sigara yako kama jambo la mwili wako peke yako. Na mimba ikishaingia, hiyo sababu inakuwa kubwa zaidi.

Tatu, hukutaja umri wa mkeo. Mwanamke aliyefikisha miaka 35 hashauriwi kungoja mwaka mzima kabla ya kuonana na mtaalamu. Miezi sita inatosha. Ikiwa amefikia umri huo, basi huna nafasi ya kusema "ngoja kwanza niache sigara halafu tuone". Uache, na wakati huo huo mwendelee na daktari.

Nimeacha alijibu:

Nimekaa pale ulipokaa wewe, kwa hiyo nitajibu lile swali la "nikipunguza hadi tano".

Nilijaribu. Nilitoka 20 hadi sita kwa siku, nikajiona shujaa. Siku moja mke wangu, ambaye hakuwa na nia ya kunisema, aliniuliza kwa nini siku hizi navuta hadi vidole vinaungua. Ndipo nikajitazama: nilikuwa navuta kila moja kwa pumzi ndefu, nauzuia moshi kifuani, na siachi kipande hadi moto unagusa kichungi. Mwili ulikuwa unadai nikotini yake ile ile kutoka kwenye sigara chache. Baadaye mhudumu wa kliniki ya kuacha sigara aliniambia kwamba hilo ni jambo la kawaida, na kwamba ndiyo sababu kupunguza bila kuweka siku ya mwisho huwa hakufiki mbali. Kupunguza kuwe ngazi ya kuelekea tarehe uliyoiandika, vinginevyo utakuwa unajidanganya kama mimi.

Nilitumia mabandiko ya nikotini ya kubandika begani, yanayopunguzwa nguvu hatua kwa hatua, pamoja na vidonge vya kutafuna vyenye nikotini kwa zile dakika mbaya. Nilihoji kama nikotini hiyo nayo si ile ile inayoharibu mbegu. Jibu nililopewa ni kwamba nikotini si kitu chema, lakini bandiko halina moshi, halina hewa ya ukaa yenye sumu, halina lami wala kadimiamu, na lina mwisho. Sigara za kielektroniki na shisha niliambiwa nisiziite kuacha.

Siku tatu za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko zote. Baada ya hapo adui hakuwa mwili tena, alikuwa kikombe cha chai. Kwa miaka 12 sikuwahi kumaliza kikombe cha asubuhi bila kuwasha, na mkono ulikuwa unakwenda mfukoni wenyewe, unakuta hakuna kitu, unarudi. Nilianza kunywa chai nikiwa nimesimama jikoni, mahali ambapo sikuwahi kuvutia, na hilo dogo lilinisaidia kuliko mawaidha yote.

Kuhusu matokeo, nitakuwa mkweli. Kabla ya kuacha nilikuwa na milioni 9 kwa mililita. Nilirudia baada ya miezi minne nikakuta milioni 21, mwendo nao ukapanda kutoka asilimia 20 hadi 33. Umbo halikusogea hata kidogo. Mtoto bado hatujapata, ni mwezi wa saba sasa, lakini daktari ambaye hapo mwanzo alikuwa akizungumzia kupandikiza mimba kwenye maabara sasa anasema tunaweza kuanza na njia nyepesi zaidi. Kwangu mimi huo ni umbali mkubwa.

Mtu wa Hadubini alijibu:

Miezi minne ya ndugu Nimeacha ina maelezo yake. Mbegu moja huchukua takribani siku 74 kutengenezwa ndani ya korodani, kisha hupita kwenye mrija wa kukomaa kwa muda wa wiki mbili hivi. Shahawa utakayotoa leo inabeba historia ya miezi mitatu iliyopita. Ukiacha sigara Jumatatu na kupima Jumatatu inayofuata, utakuwa umepima mbegu zilizozaliwa ndani ya moshi, kisha utasema kuacha hakusaidii. Si kila anayeacha hupanda kama yeye, na ndiyo sababu daktari anapaswa pia kukukagua kwa mikono. Mishipa iliyovimba juu ya korodani, inayoitwa varikoseli, hupatikana kwa takribani asilimia 15 ya wanaume wote na kwa zaidi ya theluthi ya wanaopimwa kwa tatizo la uzazi. Sigara juu ya varikoseli ni mizigo miwili kwenye kichwa kimoja.

Swali la dawa nimeona halijajibiwa. Mwaka 2020 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa nchini Marekani lililohusisha wanandoa 2,370, ambapo nusu ya wanaume walipewa zinki na foliki asidi kila siku kwa miezi sita na nusu wakapewa vidonge vitupu. Shahawa hazikuboreka, na idadi ya watoto waliozaliwa haikutofautiana. Hizo ndizo dawa mbili zinazoandikwa kwenye karibu kila kopo la "kuongeza mbegu". Ila makopo hayo ni afadhali kuliko kitu kimoja ninachokihofia zaidi: sindano au jeli ya testosteroni, pamoja na dawa za kujenga misuli. Ubongo ukiona homoni hiyo inatoka nje, huacha kuiamuru korodani kufanya kazi, na uzalishaji wa mbegu unaweza kusimama kabisa. Nimepima wanaume wenye vifua kama milango, na chini ya hadubini sikuona hata mbegu moja.

Safari Ndefu alijibu:

Nawashukuru wote, na Mama Subira nimemsomea mke wangu ujumbe wako. Alicheka ulipofika kwenye kiti, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na nimeelewa kwa nini. Ana miaka 33. Navutia kibarazani, lakini mlango huwa wazi.

Kuna jambo sikuliandika kwa kuwa sikujua kama lina maana: wiki tano kabla ya kipimo nilikuwa na homa kali kwa siku nne, hadi nikatundikiwa dripu. Je, hilo nalo linahusika? Sigara nimeweka tarehe, ni Jumapili hii, na mabandiko nimeshaulizia.

Mtu wa Hadubini alijibu:

Linahusika sana, na ungeliandika mwanzoni ningekujibu tofauti. Korodani zimewekwa nje ya tumbo kwa sababu zinahitaji ubaridi wa digrii mbili au zaidi chini ya joto la mwili. Homa kali inaweza kushusha idadi na mwendo kwa wiki kadhaa. Karatasi yako ina homa na sigara ndani yake, na hakuna maabara itakayoweza kuvitenganisha leo.

Mweleze daktari wako habari ya homa hiyo ili akupangie tarehe ya kurudia, na kama hana pingamizi, hesabu miezi mitatu kuanzia Jumapili hiyo. Kaa siku mbili hadi saba bila kumwaga, na ziwe idadi sawa na za kipimo cha kwanza ili zilinganishike. Ukitolea nyumbani, chombo kifike maabara ndani ya nusu saa, isizidi saa moja, kikiwa kwenye mfuko wa ndani wa shati karibu na mwili. Andika saa uliyotoa, na kama kuna tone lililomwagika nje, hasa lile la kwanza ambalo hubeba mbegu nyingi, sema. Wengi huona aibu kulisema, nasi tunahesabu kilichomo kikoponi tu.